Hodi Isiyopigwa

Mama Pacha hakuwa mtu wa maneno mengi. Waliofanya naye kazi walisema hata salamu anaitoa kwa kipimo, kama chumvi. Jina hilo lilitokana na wanawe wawili wa kike, nalo lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mkuu wake wa kazi, mtu wa tai na miwani asiyependa utani, alikuwa amelisahau lile la kwenye vyeti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye tabia ya kuvua viatu chini ya meza na kuvitafuta kwa vidole vya miguu kila alipoitwa.

Kazi yake ilikuwa kuandika na kutengeneza madereva, na hapo ndipo nyumbani kwake palipozaliwa kichekesho kisichochakaa. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, aliwaambia majirani kwa fahari kwamba binti yake anawasimamia madereva. Mama Pacha akamweleza kwamba huyu si dereva wa gari, ni programu tu, inayoendesha kiungo kimoja cha kompyuta ili kielewane na vingine. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akafikiri, kisha akauliza, "Na leseni anayo?" Tangu hapo wale pacha, kila wakimwona mama yao amenuna, walimuuliza ni dereva gani amegonga.

Kampuni iliyomwajiri ilitunza kompyuta kwa niaba ya watu wengine: shule, viwanda, na hospitali kubwa ya mji. Kompyuta zenyewe zilikaa katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, chenye baridi ya kuumiza vidole na mvumo wa feni usiokoma. Ndani ya kila kompyuta kubwa zilikuwemo nyingine kadhaa zisizoshikika kwa mkono. Ile kubwa waliiita mwenyeji, na hizo za ndani waliziita wageni. Mgeni hana diski yake mwenyewe wala waya wake. Kila anachotaka kukihifadhi au kukituma humwomba mwenyeji, na maombi hayo hupangwa foleni. Dereva wa Mama Pacha ndiye aliyeyapanga maombi kwenye foleni na kumwarifu mwenyeji kwamba kuna kazi inamsubiri. Ni kazi ya kitarishi, naye aliipenda kwa sababu ikifanywa vizuri hakuna anayejua kuwa ipo.

Mchana mmoja, katika wodi ya wazazi ya hospitali ile, mwanamke aliyekuwa ametoka kujifungua alianza kutokwa na damu nyingi. Daktari akaandika ombi la damu kwenye kompyuta, na skrini ikamjibu kwamba ombi limetumwa. Benki ya damu ilikuwa jengo la pili, ng'ambo ya ua. Zamani muuguzi angetumwa mbio na karatasi mkononi, au mtu angepiga simu ya ukutani. Lakini tangu mfumo mpya ulipofungwa mbio zile zilikatazwa, na ile simu iling'olewa kwa kuwa kila mtu aliona haina kazi tena. Kwa hiyo wakasubiri. Walifanya yote yawezekanayo kwa dawa na kwa mikono, huku macho yao yakienda mlangoni na kurudi. Uvumilivu ulipowaisha, mkunga mmoja alitoka mbio bila kuaga, akauvuka ua na kurudi na damu kifuani pake kama aliyebeba mtoto. Ilifika wakati haikuhitajika tena. Mtoto, wa kiume, alikuwa salama.

Hospitali iliipigia kampuni simu saa hiyohiyo. Waliuliza swali moja: ombi lile lilifika benki ya damu, au halikufika? Mama Pacha ndiye aliyekuwa kwenye zamu. Bila kunyanyuka kwenye kiti chake aliingia katika kompyuta ya benki ya damu, mmojawapo wa wale wageni, na kutazama. Kila kitu kilikuwa kinatiririka. Ombi lilikuwepo, limefika, linasomeka, na pembeni yake kuna saa ambayo daktari alilituma. Alipima tena, maana hakuwa mtu wa kukurupuka. Kisha akamwambia mkuu wa hospitali, kwa sauti yake ile ya kipimo:

"Mashine ziko sawa. Ombi lilifika."

Kwa maneno hayo machache mtu alisimamishwa kazi. Mtunza damu alikuwa ameapa kwamba skrini yake ilikuwa tupu mpaka mkunga alipoingia mbio. Lakini walipokwenda kuitazama skrini hiyo, ombi lilikuwa limekaa wazi kama macho ya samaki. Kama ombi lilikuwepo na yeye hakuliona, basi alikuwa amelala, au alikuwa na mambo yake. Habari ikaenea hospitalini, ikatoka nje ya geti, ikafika kwa mume wa marehemu kabla hata mazishi hayajaisha.

Siku chache baadaye mtunza damu alifika ofisini kwa kampuni na kumwulizia mtu aliyetazama mashine. Mama Pacha alimkuta amekaa mapokezi kwenye kile kiti kisicho na mgongo, mwanamume mwembamba aliyepiga shati lake pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Hakuja kugombana. Alisimama, akamsalimia, akamuuliza kama ni yeye aliyesema ombi lilifika. Mama Pacha akakubali.

"Dada, mimi sikulala," alisema yule mtu. "Nilikuwa nimekaa mbele ya ile skrini, na haikuwa na kitu. Sina ushahidi wa kukupa. Nimekuja tu uione sura yangu, maana wengi wananihukumu hawajaniona."

Mama Pacha alisema pole. Mtunza damu akamshukuru kwa hiyo pole, akaondoka, akiufunga mlango taratibu nyuma yake kama mtu anayetoka kwa mgonjwa.

Jioni ile wale pacha walikuwa wanagombea kitana, Bibi anawaamua, na katikati ya kelele hizo Mama Pacha akaendelea kuiona ile mikunjo ya shati. Mwongo huja na hadithi ndefu. Huyu alikuja na sura yake tu. Akajiuliza ni kitu gani hasa alichokiona siku ile, na jibu likamjia taratibu. Aliiona mashine baada ya yeye mwenyewe kuingia ndani yake. Kuingia ni kugusa. Anayefungua mlango wa chumba cha giza ili ajue kama mna giza, ameshaingiza mwanga.

Asubuhi yake, kabla hajagusa kibodi, alimpigia metroni wa hospitali. Akamwomba, bila kueleza mengi, kwamba simu ya ukutani irudishwe na kila ombi la damu lifuatwe kwa miguu mpaka atakapomwambia vinginevyo. Metroni hakuuliza sababu. Akasema yeye binafsi alikuwa ameshaanza kufanya hivyo, ruhusa au bila ruhusa.

Kisha Mama Pacha akaenda kwa mkuu wake na kuomba mashine ya majaribio iliyo sawasawa na ile ya benki ya damu. Mkuu alivua miwani. Akataka kujua anatafuta nini, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyesema mashine ziko sawa.

"Natafuta kama nilisema kweli," alijibu Mama Pacha.

Mkuu alimpa mashine kwa shingo upande, na akampa pia mwenzake wa kumsaidia. Huyu walimwita Kobe, kwa sababu ya uchapaji wake wa kidole kimoja kimoja, ingawa alichokichapa hakikuwa na makosa. Wawili hao walijifungia katika chumba kidogo kilichopakana na kile cha baridi, wakaanza kazi ambayo mtu wa pembeni angeiona ni ya kukaa tu.

Walimfanya mgeni wa majaribio atume maombi kwa mwenyeji mfululizo, mengi kama mvua ya masika, na hakuna hata moja lililopotea. Hapo wakatambua kosa la kwanza la kufikiri kwao. Kwenye foleni yenye msongamano, ombi likikwama, la nyuma yake humwamsha mwenyeji, na yote huonekana sawa. Benki ya damu haikuwa hivyo. Mchana ule ulikuwa mtulivu. Ombi lilikwenda peke yake. Basi wakamfanya mgeni atume moja, angoje lijibiwe, ndipo atume jingine. Ili waone kinachotendeka, Mama Pacha alimwongezea dereva mistari ya kusema kila hatua anayoichukua: nimepokea, nimepanga, nimearifu. Dereva akasema kila hatua na akafanya kazi bila doa. Wakaiondoa mistari hiyo, na punde wakaona dalili kwamba ombi lilikuwa limechelewa. Wakairudisha, ugonjwa ukatoweka.

"Huyu ana adabu za mbele ya watu," alisema Kobe. "Tukigeuka tu, anatukana."

Mama Pacha hakucheka, lakini maneno yale yalimsaidia. Ile mistari ya kusema ilikuwa inamchelewesha dereva kidogo, na katika huo uchelewaji mdogo kosa lilikosa nafasi ya kutokea. Basi ingebidi wasimwangalie mgeni kabisa. Wangemwangalia kupitia kwa mwenyeji, kama mtu anayechungulia kupitia kwa jirani, bila kugusa uzi wowote unaoingia ndani. Kutengeneza hicho kitundu cha kuchungulia kuliwala siku nyingi. Mara mbili walidhani kiko tayari, kumbe chenyewe kilikuwa kinamwamsha mwenyeji.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshachomoza na kuchora mstari mweupe juu ya meza, maombi yalipoacha kupita. Skrini ya mgeni ilibaki palepale. Kobe, kwa mazoea ya mikono ambayo kila mtu wa kompyuta anayo, alinyoosha kidole ili abonyeze kitu, aone kama kuna uhai. Mama Pacha alimdaka mkono.

"Usiguse."

Walikaa hivyo, mkono wa Kobe umeshikwa hewani, mpaka wote wawili wakaelewa. Kisha wakahamia skrini ya pili na kuchungulia kupitia kile kitundu. Mgeni alikuwa ameshaweka ombi lake kwenye foleni. Mwenyeji alikuwa amelala. Hapakuwa na waya uliokatika, wala programu iliyoanguka, wala hitilafu yoyote ambayo mashine ingeweza kuilalamikia. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake kwa utulivu mkubwa, na wangengojana hivyo mpaka mtu aje.

Hawakuigusa kwa muda mrefu. Mama Pacha aliitazama skrini isiyobadilika, na alichokiona hapo hakikuwa skrini. Aliona kitanda katika wodi, na watu wanaotazama mlango. Mwishowe akabonyeza herufi moja tu kwenye kibodi ya mgeni. Papo hapo mwenyeji akaamka, ombi likapita, kila kitu kikatiririka, na yeyote ambaye angeingia sekunde ile angesema mashine ziko sawa.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kusoma. Aliusoma moyo wa dereva mstari kwa mstari mpaka akafika mahali penye hatua mbili zinazofuatana, ambazo kufuatana kwake hakukulindwa na kitu. Waliomwandika dereva huyo hawakuwa wazembe. Walimwandikia kompyuta za enzi zao, ambazo mgeni na mwenyeji walifanya kazi kwa zamu, mmoja akisimama mwingine anaendelea, hivyo hawakuweza kupishana mlangoni. Kampuni iliponunua kompyuta mpya, zenye uwezo wa kuwaendesha wote wawili kwa wakati mmoja, hakuna aliyekumbuka kumuuliza dereva kama yuko tayari kwa mambo hayo. Mama Pacha aliongeza mstari mmoja wa kuzilinda zile hatua mbili. Wakampima dereva siku baada ya siku, kwa kila namna waliyoweza kubuni, na halikukwama ombi tena.

Alipompelekea mkuu habari hiyo, mkuu alisoma, akasoma tena, akakiri kwamba imethibitika. Aliagiza dereva aliyerekebishwa afungwe hospitali siku ileile, na katika hilo hakusita. Lakini kuhusu kuieleza hospitali sababu ya kifo aliomba wasubiri. Alizungumzia wanasheria, jina la kampuni, na wafanyakazi wenye familia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Tukisema hivi, Mama Pacha, tunasema sisi ndio tuliomuua."

"Na tukinyamaza, tunasema yule kaka ndiye aliyemuua. Tulishalisema mara moja, mkuu. Nililisema mimi."

Mkuu aligeukia dirisha. Hakumruhusu wala hakumkataza, na Mama Pacha akatoka.

Nyumbani alimsimulia mama yake yote, wakiwa wamekaa jikoni, yeye anaosha vyombo na Bibi anavipangusa. Alisema anajua la kufanya, ila kuna kitu kinachomzuia. Hata akisema, yule mama hatarudi, na yule kaka ameshapakwa matope. Maji yakimwagika hayazoleki. Bibi alipangusa sahani pande zote mbili na kuiweka juu ya nyingine.

"Kweli hayazoleki, mwanangu," alisema. "Lakini sakafu si inapigwa deki? Au unataka na wengine wapite hapo wateleze?"

Kikao kilifanyika hospitalini, katika chumba cha mikutano chenye meza ndefu na saa ya ukutani iliyosimama. Walikuwepo daktari mkuu, metroni, na mtunza damu katika shati lake la pasi. Mume wa marehemu naye aliomba kuwepo. Alikuwa mwashi, mtu mwenye mabega mapana na viganja vilivyochanika kwa saruji, na alikaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kiti hicho ni cha mtu mwingine. Mkuu wa kampuni hakuja. Mama Pacha alisimama, akagundua kwamba hajui kuyaeleza mambo yake kwa watu wa kawaida, akatazama chini kidogo, kisha akaanza.

"Fikirieni nyumba. Ndani amekaa mwenyeji. Nje kuna mgeni anayeleta mizigo, anaiweka barazani, kisha anapiga hodi ili mwenyeji atoke kuichukua. Mizigo ikiwa mingi, hodi zinakuwa kero. Kwa hiyo mwenyeji ana kibao chake cha mlangoni kinachosema: usipige hodi, niko macho, nitajionea mwenyewe. Akimaliza mizigo anakiondoa kibao, anachungulia baraza mara ya mwisho, ndipo analala. Mgeni naye ameamriwa aweke mzigo kwanza, kisha atazame kibao. Akikikuta, ananyamaza. Asipokikuta, anapiga hodi. Ndivyo kompyuta zetu zinavyofanya kazi."

Akawatazama, akaona wanamfuata.

"Lakini kompyuta hizi mpya zina haraka. Macho ya mgeni yanatangulia kwenye kibao huku mzigo ukiwa bado mkononi, haujatua. Tulipaswa kumzuia asifanye hivyo, na hatukumzuia. Siku ile mgeni alitazama, akakiona kibao, akajua mwenyeji yuko macho. Wakati uleule mwenyeji akakiondoa kibao, akachungulia baraza, akaiona tupu, akalala. Mzigo ukatua baada ya hapo. Hodi haikupigwa. Kila mmoja aliona kweli, ila ilikuwa kweli ambayo imeshapita."

Daktari mkuu aliuliza kwa nini jambo hilo halikuonekana mapema, naye akamweleza habari ya kompyuta za zamani zilizofanya kazi kwa zamu. Ndipo mwashi aliponyanyua mkono, kama mwanafunzi.

"Mzigo huo ulikaa barazani mpaka lini?"

Hilo ndilo swali ambalo Mama Pacha alikuwa amelala nalo na kuamka nalo.

"Mpaka nilipoingia mimi kutazama," alisema. "Kuingia kwangu ndiko kulikomwamsha mwenyeji. Nikakuta ombi limefika, na pembeni yake saa aliyolituma daktari, nikasema mashine ziko sawa. Sikusema uongo, lakini nilikosea. Kaka huyu alikuwa anatazama skrini tupu, kama alivyosema."

Mtunza damu aliinamisha kichwa. Mabega yake yalishuka taratibu, kama ya mtu anayetua mzigo na bado haamini kwamba ametua. Mwashi alimtazama daktari mkuu, akamuuliza kama mke wake angepona iwapo damu ingewahi. Daktari akasema, "Huenda."

Kisha mwashi alimgeukia mtunza damu.

"Nilikuwa nakulaani," alisema. "Kila nikimnyanyua mtoto usiku, nilikulaani."

"Nilijua, ndugu yangu," alijibu mwenzake. "Hata mimi ningekulaani."

Hawakukumbatiana wala kulia. Walipotoka, mwashi alimshikilia mlango mtunza damu apite kwanza.

Mtunza damu alirudishwa kazini, na hospitali ikaandika barua ya kumwomba radhi na kuibandika kwenye ubao wa matangazo. Jina likichafuka halifuliki kwa siku moja, na kwa muda walikuwepo waliomtazama kwa pembe ya jicho. Ile simu ya ukutani haikung'olewa tena. Kila asubuhi aliinyanyua kabla ya kuanza kazi, akaipigia wodi ya wazazi na kuuliza kama wanamsikia. Wauguzi wapya walimcheka, wale wa zamani wakamjibu kwa heshima kwamba wanamsikia vizuri sana.

Kwenye kampuni mkuu alikaa wiki kadhaa bila kumsemesha Mama Pacha zaidi ya salamu. Lawama zilikuja, vikao vya wanasheria vikaja, na hospitali ilifikiria kuhama, mwishowe ikabaki, metroni akisema afadhali fundi anayekwambia alipokosea kuliko usiyemjua. Kisha siku moja mkuu aliagiza kwamba tangu sasa kompyuta mpya isifungwe popote kabla watu wawili hawajasoma upya madereva wote, na wa kwanza kati ya hao wawili awe Mama Pacha. Kuomba radhi kwake kuliishia hapo, naye akakupokea kulivyo.

Ule mstari mmoja aliuandikia maelezo na kuutuma kwa wengine waliokuwa wakimtumia dereva yuleyule sehemu mbalimbali. Majibu yalikuja kutoka kwa watu asiowajua, mafundi wa viwanda, wa shule, wa mahospitali mengine, waliokuwa wamezoea kuzima mashine zao na kuziwasha upya bila kujua kwa nini. Wengi walishukuru. Kobe alitaka wayachapishe majibu hayo na kuyatundika ukutani. Mama Pacha aliyasoma yote, kila moja mpaka mwisho, na hakutundika hata moja.

Mwashi alikutana naye tena mtoto alipokuwa ameshaota meno. Ilikuwa sokoni, Jumamosi asubuhi, mbele ya muuza vitunguu. Mama Pacha alimwona kwanza, akatamani kupitia njia nyingine, lakini mwashi alikuwa ameshamtambua. Alikuwa na mtoto begani, kikapu mkononi, na kamba ya kiatu imefunguka inaburutika matopeni. Walisalimiana. Wakaulizana hali za nyumbani, kila mmoja akajibu kwamba wanaendelea. Kisha mwashi akaitazama ile kamba, akatazama mikono yake iliyojaa, akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake.

"Nishikie kidogo," alisema, akampa mtoto.

Mama Pacha alimpokea. Alikuwa mzito kuliko alivyotazamia, na alinukia sabuni. Mtoto alimkagua usoni, akamshika pua, akaing'ang'ania. Mwashi aliinama, akafunga kamba, akaona ile nyingine nayo imelegea, akaifungua na kuifunga upya, bila haraka yoyote.